Maandalizi ya Mwanasheria Katika Shule Zetu

Tunapotaja utamaduni wa taifa, mawazo ya wengi wetu huenda mbio kwenye ngoma, nyimbo, vinyago na mavazi. Ni nadra mtu kufikiri juu ya mahakama. Walakini, namna watu wanavyoamua magomvi yao ni sehemu ya utamaduni wao, kama ilivyo namna wanavyooana na wanavyozikana. Nani aruhusiwe kusema, nani asikilizwe kwanza, ushahidi upi ukubaliwe, maneno gani yatumike: hayo yote jamii huyarithisha kwa watoto wake. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tumzungumzie kijana aliye shuleni ambaye anataka kuwa mwanasheria, na jinsi shule inavyomwandaa au inavyoshindwa kumwandaa. Tunasema tukiwa walimu wa shule za sekondari, ambao kwa miaka mingi tumewafundisha Kiswahili na Historia vijana wa masomo ya sanaa.

Vijana hao hutujia kila mwaka wanapokaribia kumaliza Kidato cha Nne. Swali lao ni moja: wasome nini ili wawe wanasheria? Jibu la kawaida ni jepesi. Huambiwa wachague tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, au HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza; wafaulu vizuri mtihani wa Kidato cha Sita; waingie chuo kikuu kusomea shahada ya sheria; kisha, wakitaka uwakili, wajiunge na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mwisho wa safari hiyo huapishwa mbele ya Jaji Mkuu na majina yao huandikwa katika orodha ya mawakili. Jibu hilo ni sahihi. Upungufu wake ni kwamba linataja milango tu, na halisemi msafiri abebe nini anapoipita. Sheria yenyewe haifundishwi katika shule zetu kama somo linalojitegemea. Mwanafunzi huigusa kidogo katika Uraia anaposoma habari za Katiba, Bunge na Mahakama. Basi shule humpa nini kijana huyu?

Kabla ya kujibu, yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwezi wa Oktoba mwaka 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, ndipo chuo kikuu chetu cha kwanza kilipofunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la TANU lililokuwa Mtaa wa Lumumba. Kitivo cha kwanza kufunguliwa kilikuwa cha Sheria. Udaktari haukutangulia, wala uhandisi, ijapokuwa nchi ilihitaji vyote. Sababu yake si vigumu kuifahamu. Taifa lililokuwa karibu kujitawala lilikuwa na mawakili wazalendo wa kuhesabika kwa vidole, na serikali isiyo na watu wake wa kuandika, kufasiri na kuhukumu kwa sheria zake haiwezi kusema kwa hakika kwamba inajitawala.

Hata hivyo, sheria tuliyoirithi ilikuwa na lugha yake, na lugha hiyo haikuwa ya wananchi. Mkuu wa kwanza wa Kitivo hicho, A. B. Weston, aliliona tatizo hilo mapema, na mwaka 1965 aliandika makala juu ya ugumu wa kuiweka sheria katika Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na istilahi nyingi zikatungwa au zikasanifishwa tangu hapo. Lakini kwa muda mrefu mahakama zetu zilibaki kama nyumba ya ghorofa. Chini, katika Mahakama ya Mwanzo, mashauri yalisikilizwa kwa Kiswahili. Kadiri shauri lilivyopanda kwa rufani, ndivyo Kiingereza kilivyotawala, hata mwenye shauri akifika Mahakama Kuu alikuwa amekaa kimya akiwatazama watu wakiligawanya shamba lake kwa maneno asiyoyajua. Alishinda au alishindwa, na habari hiyo aliambiwa baadaye, nje, chini ya mti.

Hali hiyo imebadilishwa na sheria. Mwezi wa Februari mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote, na kuacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki itakapodai hivyo. Siku chache kabla yake, Jaji Zephrine Galeba, ambaye akiwa Musoma aliandika hukumu ya Mahakama Kuu kwa Kiswahili, alipandishwa kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Kazi ya kuzitafsiri sheria imeendelea tangu wakati huo. Kwa hiyo kijana anayetujia leo anajiandaa kwa mahakama tofauti na ile waliyojiandalia baba zake, nayo shule bado inamwandaa kwa namna ile ile ya zamani.

Na kwamba kuna upungufu katika maandalizi, jambo hilo lilijulikana kwa nchi nzima mwezi wa Oktoba mwaka 2022, matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo yalipotangazwa. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa. Kelele zilikuwa nyingi. Wako waliovilaumu vyuo vikuu, wako walioilaumu Taasisi, wako waliowalaumu vijana wenyewe, na kamati iliundwa kuchunguza. Sisi hatukusudii kuirudia kesi hiyo hapa. Tunataka kusema tu kwamba katika kelele zile shule za sekondari zilitajwa kidogo mno. Mtu wa miaka 25 anayeshindwa kuandika hoja hakuanza kushindwa akiwa na miaka 25. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Tunaamini kwamba jambo la kwanza ambalo shule inaweza kumpa mwanasheria wa kesho ni uwezo wa kumsikiliza mtu, kisha kuyaandika aliyoyasema kwa maneno ambayo mtu yule mwenyewe, akisomewa, atakiri kuwa ni yake. Kazi hiyo huonekana ndogo, lakini kazi nyingine zote za uanasheria zimesimama juu yake. Wakili asiyeisikia habari ya mteja wake hawezi kuitetea, na hakimu asiyeisikia hawezi kuiamua.

Mwaka 2016 tuliwachukua wanafunzi wetu wa Kidato cha Tano kwenda kusikiliza mashauri katika Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu na shule. Mlango wa mahakama uko wazi kwa kila raia, na safari ilikuwa ya miguu. Hakimu alikaa na washauri wawili wazee. Shauri tulilolikuta lilihusu baiskeli. Mlalamikaji alieleza kwamba jirani yake aliichukua baiskeli yake uani wakati yeye yuko shambani, na kwamba hakuirudisha. Jirani naye hakukana kuwa aliichukua. Alisema kwamba siku zote huichukua, kwamba safari hiyo ilivunjika njiani, na kwamba ilikuwa kwa fundi. Mzee mmoja akauliza swali moja tu: siku nyingine alipoichukua, alimwambia nani? Watu wote wakanyamaza, kwa maana shauri zima lilikuwa limelala ndani ya swali hilo.

Tuliporudi shuleni tuliwataka wanafunzi waandike, kwa ukurasa mmoja, yale mlalamikaji aliyoyasema. Hatukuwataka waamue. Tulipozikusanya karatasi tuliona ajabu. Mlalamikaji alikuwa ametumia neno moja, "alichukua". Wengi wa wanafunzi waliandika "aliiba". Baadhi waliandika "aliazima bila ruhusa", maneno yasiyoweza kukaa pamoja, kwani anayeazima huomba. Mmoja aliandika "alinyang'anya", kama kwamba mwenye baiskeli alikuwapo akapigwa. Watatu tu ndio walioandika kile walichokisikia.

Tuliwasomea karatasi zao, kisha tukawaonyesha tofauti. Kanuni ya Adhabu haimwiti mtu mwizi kwa sababu ya kuchukua tu. Hutazama kama alichukua kwa hila na bila ya kuwa na dai la haki. Kwa neno moja kati ya yale waliyoyaandika, jirani angeingia gerezani. Kwa neno jingine angeirudisha baiskeli na kumlipa fundi. Vijana wale walikuwa wamemfunga mtu kwa kalamu ya shule, bila ya chuki yoyote, kwa sababu tu hawakuwa wamezoea kulipima neno kabla ya kuliandika. Tangu mwaka huo zoezi hilo tumelifanya mara nyingi, na hatujaona jingine linalomsaidia kijana kuliko hilo.

Hapa ndipo tunapoiona nguvu ya Kiswahili, ambayo aghalabu hudharauliwa na wale wasioijua. Tazama maneno mawili tu: kuazima na kukopa. Aliyeazima jembe hurudisha jembe lile lile. Aliyekopa debe la mahindi hurudisha debe jingine, kwa kuwa lile la kwanza limekwisha kuliwa. Wataalamu wa sheria za Warumi wa kale walitenga mikopo ya namna hizo mbili na kuipa majina tofauti, na wanafunzi wa vyuo vikuu huisoma tofauti hiyo kwa jasho. Bibi wa kijijini anaijua bila ya kwenda chuo. Yako pia maneno kama amana, rehani, dhamana, wasia, wakfu na fidia, ambayo yamefanya kazi pwani na bara kwa muda mrefu. Shule ingeyachukua maneno hayo, ikamwonyesha mwanafunzi mpaka wa kila moja, ingekuwa imemfundisha mwanzo wa sheria za mikataba na za mali bila ya kulitaja jina la sheria.

Vitabu vya kazi hiyo tunavyo. Katika "Kusadikika", kilichotoka mwaka 1951, Shaaban Robert alimsimamisha mahakamani kijana Karama, ambaye kosa lake lilikuwa kutaka kuwafundisha watu elimu ya uanasheria. Wengi wetu tumekisoma kitabu hicho na kukifundisha kwa ajili ya maadili na siasa yake. Yafaa pia kukifundisha kama mfano wa utetezi. Karama hamtukani mshtaki wake, wala halii. Siku baada ya siku, kwa siku sita, anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa kwa manufaa ya nchi, na kila habari ni ushahidi unaoongezwa juu ya ushahidi. Mwanafunzi akiulizwa kila habari inathibitisha nini, na inajibu shtaka gani, atajifunza mpango wa hoja.

Kadhalika iko tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare iliyofanywa na Mwalimu Nyerere, "Mabepari wa Venisi", ya mwaka 1969. Shauri la mwisho wa mchezo huo ni somo la kusoma mkataba. Mdai anadai ratili ya nyama iliyoandikwa, naye aliyevaa joho la mwanasheria anakubali madai yake neno kwa neno, mpaka mwenyewe anapogundua kwamba damu haikuandikwa. Wanafunzi hulifurahia jambo hilo, kisha hubishana kama ilikuwa haki au ilikuwa werevu tu. Ubishi huo una faida kubwa. Tena tusisahau kwamba Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye mwaka 1954 alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, ndiye aliyekuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika mwaka 1963, na baada ya hapo akashika wizara iliyohusika na utamaduni wa taifa. Mtu aliyezoea kuhesabu mizani hutambua neno lililozidi na neno lililopungua.

Sasa tuseme juu ya midahalo. Karibu kila shule ya sekondari ina chama cha mdahalo, na vijana wanaotaka kuwa wanasheria ndio hukijaza. Ni jambo jema. Lakini namna midahalo hiyo inavyoendeshwa huwafundisha kushangiliwa kuliko kusikiliza. Msemaji hupanda jukwaani na maneno aliyoyakariri jana, huyamwaga, hupigiwa makofi, hushuka. Aliyemtangulia alisema nini, hajui. Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, nasi tumewazoeza vijana kuvuta ngozi tu. Katika shule yetu tuliweka sharti dogo: hakuna ruhusa ya kumjibu mwenzio mpaka umeieleza hoja yake, naye akakubali kwamba ndivyo alivyosema. Mwanzoni midahalo ilipooza na wasikilizaji wakapungua. Baadaye ilikolea, kwa sababu hoja zilianza kugusana. Wako walioligundua jambo gumu, kwamba baada ya kuieleza hoja ya mpinzani vizuri, walijikuta hawana jibu. Ngonjera, ambazo marehemu Mathias Mnyampala alifanya kazi kubwa ya kuzieneza, zina mafunzo hayo hayo, kwani ndani yake anayejibu hulazimika kuanzia pale mwenzake alipoishia.

Jambo jingine ambalo shule haina budi kulishughulikia ni mila. Mwanafunzi wa sheria hukutana na mila katika ndoa, katika urithi na katika ardhi, naye mara nyingi huja na moja kati ya fikira mbili: kwamba mila ni ushenzi wa kale, au kwamba mila ni takatifu, haiguswi. Fikira zote mbili ni za mtu asiyeijua mila. Tunapenda kutumia mfano wa shauri moja la Uhaya. Mwaka 1988 mwanamke mmoja aliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wasia. Mwana wa ndugu yake alimpeleka Mahakama ya Mwanzo, akashinda, kwani kanuni za urithi wa kimila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo, si kuliuza. Mahakama ya Wilaya ikaamua kinyume. Rufani ilipofika Mahakama Kuu, Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua mwaka 1990 kwamba haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 haziruhusu mwanamke abaguliwe hivyo, na kwamba mwanamke ana uwezo wa kuuza kama alionao mwanamume. Lakini mila yenyewe hakuifuta yote. Desturi ya ukoo kulikomboa shamba lililouzwa kwa mtu wa nje ilibaki, mradi bei ile ile irudishwe.

Wanafunzi wakisimuliwa shauri hilo hugawanyika. Wako wanaoufikiria ukoo, na makaburi yaliyomo shambani. Wako wanaomfikiria binti aliyezaliwa na baba mmoja na kaka zake. Hatuwakatizi. Tunataka waone kwamba jaji yule hakuweza kuamua bila ya kuijua mila kwa undani, wala bila ya kuwa na kipimo cha kuipimia. Kijana anayetoka Kagera, Mara, Mtwara au Pemba analo la kuwauliza wazee wa kwao wakati wa likizo: shamba hurithiwaje, mahari hurudishwa lini, mpaka huwekwa kwa mti gani? Daftari moja la majibu hayo litamfaa kuliko vitabu vingi.

Yamkini tutaulizwa: je, Kiingereza? Sheria nyingi, pamoja na hukumu za miaka mingi zinazotumiwa kama mwongozo, zimeandikwa kwa lugha hiyo. Ni kweli, nasi hatumshauri kijana yeyote anayetaka kuwa mwanasheria akidharau Kiingereza. Akisome kwa bidii, akisome vitabu vizima, asitosheke na maelezo ya ubaoni. Tunachokikataa ni fikira kwamba udhaifu wa Kiingereza ndio ugonjwa wote. Tumewaona vijana ambao hoja yao ilikuwa na kasoro kwa Kiingereza, tukawaomba waieleze kwa Kiswahili, ikatoka na kasoro ile ile. Pia tumewaona wengine waliokuwa na hoja nzito kwa Kiswahili, wakanyamaza darasani kwa kukosa Kiingereza, wakaonekana wajinga. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Leo mahakama zimekwisha kuvuka mto huo, na sekondari zingali ng'ambo ya pili. Anayeumia ni kijana anayetakiwa kuvuka peke yake.

Haya tuliyoyaeleza hayahitaji fedha nyingi. Mahakama ya Mwanzo iko karibu na shule nyingi, vitabu tulivyovitaja vimekuwa katika maktaba zetu kwa muda mrefu, na sharti la mdahalo halina gharama. Wala hayatawafaa wale tu watakaovaa majoho. Walio wengi kati ya wanafunzi wetu hawatakuwa mawakili. Watakuwa wajumbe wa mabaraza ya ardhi ya vijiji, makatibu wa vyama vya ushirika, wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, au wazazi wanaoamua ugomvi wa watoto wao. Tangu mwaka 1969 walimu wa Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam walianza kuwasaidia bure wananchi wasioweza kumlipa wakili, nao waliokuja kuomba msaada walikuja, kwanza kabisa, kutafuta mtu wa kuwasikiliza.

Tunawaachia walimu wenzetu mawazo haya wayajaribu katika shule zao, wayapunguze au wayaongeze kama watakavyoona. Na kijana atakayetuuliza tena asome nini, tutamtajia tahasusi kama kawaida, kisha tutamtuma kwenye benchi la nyuma la Mahakama ya Mwanzo, akiwa na daftari, asikilize siku nzima, na jioni atuletee yale watu waliyoyasema.